Dira ya Kielektroniki Ndani ya Gari: Kuifunga, Kuisawazisha na Kujua Lini Uiamini

Ilikuwa mwezi wa sita, saa kumi na mbili kasoro jioni. Tulikuwa tumetoka kufunga pampu ya kisima, tunakatiza njia za warina asali upande wa Itigi. Vichaka vya kule si msitu mrefu. Ni vichaka vilivyofungamana, vinapita paa la gari na havikuachii upenyo wa kuona hata kilima. Mtandao hamna. Simu yangu, iliyonata kwenye kishikio cha dashibodi, ilionyesha tunaelekea kusini, na kusini ndiko tulikotaka. Nikakanyaga mafuta. Mzee tuliyempa lifti, debe lake la asali mapajani, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, siku hizi jua linazama kusini?”

Jua lilikuwa limetukodolea macho kwenye kioo cha mbele. Tulikuwa tunakwenda magharibi, tena kwa zaidi ya nusu saa. Simu haikuwa mbovu. Kile kishikio kilikuwa cha sumaku, na simu ilikuwa inafuata sumaku ya kishikio badala ya sumaku ya dunia.

Tangu siku ile nimefunga na kusawazisha dira kwenye magari kadhaa, langu na ya watu, na nimejifunza kwamba ugomvi hauko kwenye dira, uko kwenye gari. Nahodha wa jahazi aliweka dira yake juu ya mbao. Sisi tunaiweka ndani ya sanduku la chuma lenye mota, spika na nyaya zinazopitisha umeme mwingi, halafu tunashangaa ikiweweseka.

Jua kwanza una dira ya aina gani

Kuna inayokuja na gari, ndani ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Utaona herufi ndogo za kijani au za buluu kwenye kona ya kioo. Hizi hupatikana hasa kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, na sensa yake, yaani kipande kinachohisi sumaku, iko humo humo kwenye kioo. Kuna za kununua dukani, kijidude cha kubandika kwenye dashibodi au kwenye kioo cha mbele, kinachotumia betri ndogo au umeme wa gari. Na kuna ya simu.

Herufi ni za Kiingereza: N kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Wanaobabaika hubabaika kwenye E na W, basi andika karatasi ndogo uibandike pembeni mpaka uzoee.

Yuko na mgeni mmoja anayejifanya dira: mshale wa programu ya ramani unapokuwa unaendesha. Mshale ule unatoka kwenye setilaiti. Simu inalinganisha ulipokuwa sekunde iliyopita na ulipo sasa, inakuambia gari linakoenda. Sumaku hazimhusu, na kwa hilo ni mzuri sana, lakini ukisimama hajui tena umeelekea wapi. Jaribio lake ni rahisi: simama, igeuze simu kwa mkono. Kama alama inageuka papo hapo, hapo kuna sensa ya sumaku inayofanya kazi. Kama imeganda mpaka gari litembee, unasoma GPS. Shika tofauti hii, maana baadaye tutamtumia huyu mgeni kuikagua dira.

Pima sumaku ya gari kabla ya kubandika chochote

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa muda.

Simu nyingi zina sensa ya sumaku, na zipo programu za bure, phyphox ikiwa mojawapo, zinazoonyesha nguvu ya sumaku kwa namba, kipimo chake kikiwa mikrotesla. Sumaku ya dunia ina nguvu ya kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea ulipo. Afrika Mashariki tuko upande wa chini: takribani 30 hadi 35. Vua kava la simu kama lina sumaku au kipande cha chuma. Nenda mahali pa wazi, hatua 20 kutoka kwenye gari, mabati na nguzo za umeme, uichezeshe simu hewani kama unaandika namba nane mara kadhaa, kisha usome. Ukiona thelathini na kitu, simu yako ina akili timamu.

Sasa ingia nayo kwenye gari, injini imezimwa. Ipitishe taratibu: juu ya dashibodi, katikati ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kati, kwenye nguzo za pembeni, karibu na redio. Usitafute namba ndogo. Tafuta namba iliyo karibu na ile ya nje, na isiyorukaruka ukisogeza simu kwa upana wa kiganja. Karibu na spika utaiona inapanda ghafla, maana kila spika ina sumaku nyuma yake. Kwenye gari langu spika ndogo iliyofichwa kwenye kona ya dashibodi ilivuka mia moja, na pale pale juu yake ndipo nilipokuwa nimepanga kubandika dira kwa sababu palipendeza.

Ukishapata sehemu mbili tatu zenye utulivu, washa injini, ushike simu hapo hapo bila kuisogeza, uanze kucheza na swichi moja moja: feni ya kiyoyozi mpaka mwisho, waipa, taa kubwa, kifuta ukungu cha kioo cha nyuma, taa za breki. Tazama namba. Waya mmoja ulionyooka unaopitisha ampea 10 unatengeneza mikrotesla 20 kwa umbali wa sentimita 10. Linganisha na thelathini na kitu za dunia nzima. Ukirudi nyuma hadi sentimita 50, zinabaki 4. Ndiyo maana hatua ya kiganja kimoja inaweza kugeuza dira kutoka ya kuchekesha kuwa ya kutegemewa. Nyumbani waya wa kwenda na wa kurudi hukaa pamoja, na sumaku zao hufutana kwa sehemu kubwa. Kwenye gari umeme unakwenda kwa waya, unarudi kwa bodi, kwa hiyo hazifutani.

Sehemu ambayo mara nyingi hushinda ni juu katikati ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kati. Iko mbali na mota ya feni, spika na redio. Lakini gari lenye kamera ya dashibodi hapo juu, au kifaa kingine kilichopitishiwa waya wake pale pale, litakupa jibu jingine. Amini namba zako, usiamini desturi ya fundi.

Na vishikio vya simu vya sumaku? Kama unataka dira, toa. Hakuna njia ya katikati hapo.

Kufunga

Kijidude kiwe bapa, mstari wake wa mbele ulingane kabisa na mstari wa gari. Simama nyuma ya gari umwombe mwenzako akae ndani akiigusa dira, uangalie kama imeelekea sawa na katikati ya boneti. Kikipinda digrii tano, kila utakachosoma kitakosea digrii tano maisha yake yote.

Kama kina skrubu, tumia za shaba au plastiki. Waya wa umeme wake uchukue kwenye fyuzi yenye mzigo mdogo, na nyaya mbili, chanya na hasi, uzisokote pamoja kama kamba ya katani mpaka kwenye kifaa.

Namba ya eneo

Dira za kwenye vioo huuliza namba ya eneo, kutoka 1 hadi 15. Sababu yake ni kwamba kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi ya ramani haziko mahali pamoja, na tofauti inabadilika kulingana na ulipo. Kwa aliyeko Seattle sumaku inakwenda mashariki ya kaskazini halisi kwa takribani digrii 15. Toronto inakwenda magharibi kwa takribani 10. Ramani ya maeneo hayo iko kwenye kitabu cha gari, na kwa kuwa ilichorwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, sisi hatumo.

Usihangaike. Kwetu, kuanzia Kampala mpaka Dar es Salaam, tofauti ni digrii chache tu, na eneo namba 8 ndilo la katikati, lisilo na masahihisho ya maana. Weka 8. Kama gari lilikuwa limewekwa namba nyingine na mwenyewe wa awali, dira itakupotosha hata ukiisawazisha kutwa nzima, na nimeona watu wakifungua kioo kizima kwa kosa la kitufe.

Kwa nini gari lililoshuka bandarini lazima lisawazishwe upya

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: gari limekaa wiki kadhaa ndani ya meli ya chuma, na chuma kikikaa karibu na chuma chenye sumaku hubeba kidogo.

Ya pili ni tamu zaidi. Mistari ya sumaku ya dunia hailali bapa. Japani, Ulaya na Marekani inainamia chini, inaingia ardhini. Ikweta ya sumaku, yaani pale mistari inapolala bapa, hupita kaskazini yetu, kule Ethiopia, kwa hiyo Kenya na Tanzania zote ziko kusini yake na mistari inatoka ardhini kwenda juu. Nguzo za milango na vyuma vingine vilivyosimama wima hupata sumaku kutokana na hiyo mistari. Gari likivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ncha za sumaku kwenye vyuma hivyo hupinduka. Nahodha Mwingereza Matthew Flinders aliligundua jambo hili akizunguka Australia na meli ya Investigator kati ya 1801 na 1803: kosa la dira yake lilikuwa la upande mmoja akiwa kaskazini ya ikweta hiyo, likageukia upande wa pili akiwa kusini yake. Alipendekeza fimbo ya chuma iliyosimamishwa karibu na dira kulifuta, na mpaka leo fimbo hiyo inaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia dira “ilishasetiwa Japani”, mshukuru, halafu isawazishe.

Kusawazisha: zunguka polepole

Tafuta uwanja. Uwanja wa mpira wa shule siku ya Jumapili unafaa kuliko kitu chochote, mradi ukae katikati, mbali na magoli ya chuma, uzio wa waya na mapaa ya mabati. Usisawazishe kwenye maegesho ya ghorofa, kituo cha mafuta, juu ya daraja, wala chini ya nyaya kubwa za umeme. Na kamwe usiwe ndani ya kivuko. Sakafu yote ya pantoni ni chuma, na magari kushoto kulia ni chuma. Ukivuka Kigamboni au Likoni uone dira inaonyesha ajabu, iache, itatulia ukishashuka.

Panga gari kama unavyoliendesha siku zote. Milango na madirisha vifungwe. Jeki, tairi la akiba na spana vikae mahali pake. Kiyoyozi na taa ziwe katika hali ya kawaida ya safari. Toa simu, miwani yenye kibanio cha chuma na mkungu wa funguo kwenye dashibodi. Kama huwa unabeba kitu cha chuma juu ya keria kila siku, kiwe juu. Kama ni mzigo wa leo tu, kishushe.

Kwenye kioo, shikilia kitufe cha dira mpaka herufi C itokee. Sekunde ngapi inategemea kioo, na mara nyingi kitufe hicho hicho ukikiachia mapema hukupeleka kwenye namba ya eneo, kwa hiyo tazama kinachotokea kabla ya kuachia. Kijidude cha dukani huwa na kitufe chake. Kisha zungusha gari duara pana, mwendo usiozidi kilomita 8 kwa saa. Hiyo ni polepole kuliko unavyofikiri, mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Duara moja likupe nusu dakika au zaidi. Mbili, tatu. C ikipotea na herufi za pande zikarudi, umemaliza.

Kinachofanyika ndani yake kinaeleweka. Gari linapozunguka, sumaku ya dunia inabadilika upande kwa jinsi dira inavyoiona, lakini sumaku ya gari inazunguka pamoja na dira, kwa hiyo haibadiliki. Kile kisichobadilika, dira inakitoa kwenye hesabu.

Hapo hapo utaona kwa nini simu haitibiki ndani ya gari. Ukikaa kwenye kiti ukaanza kuandika namba nane hewani na simu, kwa simu gari nalo ni sehemu ya dunia, maana vyote viwili vinageuka kwa pamoja simu ikigeuka. Inajifunza uongo na kuuhifadhi. Namba nane uandike nje, mbali na gari. Na ukitaka kujua upande kwa simu, shuka, tembea hatua kumi, isome, urudi. Ni njia ya bure na inashinda vifaa vingi vya kununua. Isipokuwa uko pori la akiba. Hapo kaa ndani, simba hajui kama ulishuka kutafuta kaskazini.

Zipo dira za zamani kidogo ambazo hazina C bali zina skrubu mbili ndogo, moja ya kaskazini-kusini na moja ya mashariki-magharibi. Elekeza gari kaskazini unakokujua, zungusha skrubu ya kwanza mpaka isome N kamili. Geuka kusini. Kama inakosea, usifute kosa lote, futa nusu yake. Kisha mashariki kwa skrubu ya pili, kosa lote. Magharibi, nusu. Bisibisi iwe ya shaba au plastiki, la sivyo bisibisi yenyewe ndiyo utakayokuwa unaisawazisha.

Kagua kwa kutengeneza karatasi yako

Dira ikionyesha herufi nane tu, ukaguzi wake ni mfupi: N, NE na nyinginezo, kila moja inabeba digrii 45. Mbele yako panaweza kuwa na njia panda, njia mbili zikiachana digrii 30, na zote mbili zikasoma NW. Dira ya namna hiyo inakuambia umeelekea upande gani wa nchi. Ichague njia panda kwa kitu kingine.

Yenye namba za digrii inastahili kazi zaidi. Rudi uwanjani au tafuta barabara pana ya vumbi. Sasa mwite yule mgeni wa setilaiti. Endesha moja kwa moja kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa, mwenzako asome mwelekeo wa GPS na mwelekeo wa dira kwa pamoja, aandike. Fanya hivyo pande nane, au angalau nne. Kisha toa: dira kasoro GPS.

Makosa yana sura, na sura ndiyo inayokuambia ugonjwa.

Tuseme kaskazini imekosa digrii 2 pungufu, mashariki 9 zaidi, kusini 2 zaidi, magharibi 9 pungufu. Angalia pande zinazotazamana: makosa yana ukubwa mmoja lakini alama zimepinduka. Hiyo ni sumaku ya kudumu iliyo karibu na dira. Tafuta spika, sumaku ya kibanio, kofia yenye pini uliyoitupa juu ya dashibodi. Iondoe au usawazishe tena, na kosa litapungua sana.

Kama pande zote zimekosea sawa, tuseme 5 zaidi kila mahali, hakuna sumaku yoyote. Umeifunga dira ikiwa imepinda. Izungushe kidogo.

Na kama pande nne kuu ziko safi lakini kaskazini-mashariki na kusini-magharibi zinazidi, wakati kusini-mashariki na kaskazini-magharibi zinapungua, basi ni chuma laini cha bodi, kisicho na sumaku yake ya kudumu, kinachovuta mistari ya dunia kwake. Hili huwezi kulifuta kwa kuhamisha spika. Mwanaastronomia Mwingereza George Airy alikutana nalo kwenye meli ya chuma iitwayo Rainbow mwaka 1838, akalisawazisha kwa vipande vya chuma kilichowekwa pembeni ya dira, na kwa kosa lile la sumaku ya kudumu akatumia sumaku. Wewe kwenye gari huna haja ya kufika huko. Andika jedwali, ukiona 50 jua ni 45, endelea na safari.

Dira yangu ikikosea chini ya digrii 5 pande zote, naiacha. Kutafuta zaidi ya hapo ndani ya gari ni kujitafutia ugonjwa wa moyo.

Barabarani

Soma dira gari likiwa linakwenda mwendo mmoja kwenye tambarare, au limesimama. Ukikanyaga breki au kuongeza kasi, simu na dira zenye sensa ya mwinamo hudhani zimeinama, na mshale unayumba. Mlimani dira rahisi za kioo hukosea kwa sababu hazijui kwamba gari limeinua pua. Hapa wenyeji wa ikweta tuna bahati: sehemu kubwa ya nguvu ya sumaku kwetu imelala bapa, tofauti na Kanada ambako nyingi inaingia ardhini, kwa hiyo mwinamo ule ule unatukosesha kidogo kuliko wao.

Miamba nayo huvuta. Sehemu zenye madini ya chuma, kama Liganga kule Ludewa, dira inaweza kupotea bila gari lako kuwa na kosa. Usiisawazishe hapo. Lori lililosheheni nondo likikupita, au reli na daraja la chuma, ni ya kupita tu.

Jua ni shahidi mzuri, lakini mhoji sawasawa. Linachomoza mashariki kamili karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba tu. Mwezi wa sita linachomoza kwa karibu digrii 23 kuelekea kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili hivyo hivyo kuelekea kusini. Saa sita mchana nalo linadanganya wageni: Dar es Salaam, kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka karibu katikati ya Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi mingine liko kusini.

Wanaosimama kando ya barabara kuswali huniuliza kuhusu kibla. Kutoka Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kamili, tofauti ni kama digrii moja. Nairobi ni takribani digrii 7 mashariki ya kaskazini, Kigali karibu 22. Kwa pwani basi hata dira ya herufi nane inatosha. Lakini shuka kwenye gari kabla ya kutandika mswala, kwa sababu ile niliyokwishaieleza.

Lini urudie

Baada ya kubusti betri au kuibadilisha, kwa kuwa baadhi ya dira husahau. Baada ya kuchomelea bodi, kufunga bampa la chuma, kubadilisha spika au redio, kuweka keria. Baada ya kubandika kibao cha sumaku juu ya paa, kile cha teksi au cha gari la kufundishia, na tena ukikibandua. Vinginevyo mara moja kwa mwaka inatosha.

Karatasi yangu ya makosa iko nyuma ya kizuia jua cha dereva, ndani ya nailoni. Mstari wa magharibi umefutwa mara mbili: mara ya kwanza nilipofunga keria, mara ya pili kijana wangu alipobadilisha spika za mbele bila kuniambia. Mstari wa kusini haujaguswa, na ndio ninaousoma kila nikipita upande wa Itigi.